Shule ya Kijijini Kwako Misungwi: Nani Anaiendesha, na Wewe Uanzie Wapi

Tuseme upepo wa Novemba umeezua bati la darasa la nne. Au mwalimu pekee wa hisabati amehama na hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake. Au mtoto amerudi nyumbani saa nne asubuhi akisema amefukuzwa kwa sababu ya mchango. Mambo haya matatu yana milango mitatu tofauti. Wazazi wengi hubisha mlango mmoja tu, wa mwalimu mkuu. Wakikosa jibu hapo hurudi shambani wakiamini serikali haisikii, kumbe mwalimu mkuu mwenyewe hana mamlaka juu ya jambo walilomwendea.

Makala haya yanaeleza nani ameshika nini katika shule za serikali za Wilaya ya Misungwi: fedha, walimu, majengo na mitihani. Yanaeleza pia namna ya kusoma matokeo ya shule bila kudanganywa na asilimia.

Shule ni ya nani?

Misungwi ilimegwa kutoka Kwimba mwaka 1995. Ina tarafa nne, yaani Usagara, Misungwi, Inonelwa na Mbarika, na kata 27 kuanzia Idetemya na Usagara upande wa ziwani hadi Shilalo, Mondo na Buhingo kule ndani. Shule zote za msingi na sekondari za serikali katika kata hizo ziko chini ya Halmashauri ya Wilaya. Mwenye mamlaka juu ya halmashauri ni Baraza la Madiwani. Kila kata ina diwani wake, na waliopo sasa walitokana na uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, na miongoni mwa kamati zake ipo inayoshughulikia elimu na huduma nyingine za jamii.

Kazi ya kila siku iko kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ambaye watu humwita Dedi. Chini yake kuna maafisa elimu wawili. Mmoja anasimamia elimu ya awali na msingi, mwingine sekondari. Usiwachanganye, maana ukienda bomani na shida ya kidato cha pili ukaketi kwenye benchi la elimu msingi, utapoteza asubuhi nzima. Katika kila kata yupo Afisa Elimu Kata, na huyu ndiye wa karibu kuliko wote. Kazi yake ni kuzungukia shule za kata yake, na mara nyingi utamkuta kwenye ofisi ya kata au kwenye mojawapo ya shule.

Juu ya halmashauri kuna wakubwa wawili, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI, ndiyo inayosimamia uendeshaji: walimu wanaopangwa, madarasa yanayojengwa, fedha zinazoshuka. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inashika sera, mitaala na ubora. Maofisa wake walioko wilayani ni wadhibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi. Hawa hawamtumikii Mkurugenzi, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu anayekagua kazi hafai kuwa mtu wa aliyeifanya. Wakimaliza kuikagua shule huandika taarifa na kuiacha shuleni. Kama wewe ni mjumbe wa kamati, iombe uisome.

Nani anaajiri na kuhamisha walimu?

Mwalimu wa shule ya serikali huajiriwa na Serikali Kuu, kisha TAMISEMI humpangia halmashauri. Akishafika Misungwi, Mkurugenzi ndiye anayeamua aende shule ipi. Kwa hiyo shule moja ya karibu na lami ikiwa na walimu wengi huku nyingine ya ndani ina wanne, hilo ni jambo la kumpelekea Afisa Elimu wa wilaya, na diwani wako anaweza kulisimamisha kwenye baraza akataka maelezo. Uhamisho wa kutoka wilaya moja kwenda nyingine hauko mikononi mwa halmashauri peke yake.

Mwalimu mlevi, mtoro, au anayefanya vibaya na watoto? Nidhamu ya walimu, kupanda vyeo na usajili wao viko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, nayo ina ofisi wilayani. Lakini kosa la jinai, kama kumdhuru mtoto, ni la polisi moja kwa moja, wala halisubiri kikao cha kamati. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, na sheria hiyo haibagui mwalimu, mvuvi, dereva wa bodaboda wala tajiri wa ng'ombe. Wazazi wanaokaa na kupatana kwa mahari katika jambo hili nao wanaingia hatarini.

Msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Ruhusa hiyo ilitangazwa Novemba 2021. Ukiambiwa vinginevyo, mwombe aliyekuambia akuandikie kwenye karatasi. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapobadilika.

Elimu ni bure, kwa nini bado natoa?

Swali hili ndilo linaloleta ugomvi mwingi, kwa hiyo tulitazame kwa utulivu.

Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Januari 2016 serikali ilianza elimumsingi bila malipo, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa ada ya kidato cha tano na sita. Badala ya ada, serikali hupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Fedha hizo huitwa ruzuku ya uendeshaji. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sekondari ni 25,000. Si zote zinazofika shuleni, kwani sehemu hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa msingi zinazoshuka ni shilingi 6,000 kwa mwaka, yaani 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya sekondari hulipwa pia fidia ya ada, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa.

Piga hesabu. Shule ya msingi yenye watoto 800 inatarajia 400,000 kwa mwezi. Kwenye hizo kuna chaki, karatasi za majaribio, kitasa kilichovunjika, nauli ya mwalimu kwenda bomani, na mpira wa michezo. Tuseme kweli, ni kidogo. Lakini ni fedha inayojulikana, na kwa kuwa inajulikana inaweza kuulizwa. Shule inapaswa kubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi ilichopokea na matumizi yake. Ubao huo usipokuwa na karatasi yoyote ya mapato na matumizi, au ukiwa na karatasi iliyofifia ya mwaka juzi, umeshapata swali la kwanza la mkutano ujao.

Yapo yaliyobaki kwako mzazi. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 uliyataja: sare za shule na za michezo, madaftari na kalamu, matibabu ya mtoto, na chakula cha mchana kwa wanaosoma kutwa. Hayo hayakuwahi kuwa bure. Michango mingine ni ya hiari, na hiari maana yake ni kwamba asiyetoa mtoto wake haguswi. Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza walimu kukusanya michango na kuwarudisha watoto nyumbani kwa sababu yake, akaelekeza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo mtoto akifukuzwa kwa mchango, usilipe kwanza ndipo ulalamike. Mrudishe shuleni siku hiyo hiyo, uongee na mwalimu mkuu kwa heshima, na asipokubali nenda kwa Afisa Elimu Kata.

Chakula kina habari yake. Shule nyingi hula uji au makande kwa makubaliano ya wazazi: kila nyumba inaleta mahindi kiasi fulani na maharage kiasi fulani baada ya mavuno, na anayepika analipwa kidogo. Utaratibu huu ni mzuri mradi ufanyike wazi. Mahindi yapimwe kwa mizani mbele ya watu, jina liandikwe daftarini, na ufunguo wa stoo usikae kwa mtu mmoja. Shule inayopima kwa debe la mtu binafsi itagombana na wazazi kabla ya mvua za vuli. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akatembea kilomita tano bila kitu tumboni, hawezi kufuata hesabu za sehemu saa sita mchana, hata apewe mwalimu wa namna gani.

Kamati ya shule, kiti chako

Kila shule ya msingi ina kamati. Wajumbe wake ni wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao pamoja na wawakilishi wa walimu. Mwalimu mkuu ni katibu, si mwenyekiti. Kamati ndiyo inayopitisha mpango wa shule na bajeti yake, inayoangalia matumizi ya ruzuku, na inayofuatilia utoro. Sekondari ina bodi ya shule, na wajumbe wa bodi huteuliwa, hawapigiwi kura na mkutano wa wazazi. Ndiyo maana sauti ya mzazi ina nguvu zaidi msingi kuliko sekondari, nami naona huo ni upungufu, hasa kwa shule za kata ambazo wananchi walizijenga kwa mikono yao wenyewe.

Nguvu ya kamati inategemea nani amechaguliwa. Mara nyingi uchaguzi hufanyika mbele ya wazazi wachache waliobahatika kufika, na anayechaguliwa ni yule asiyeuliza maswali. Matokeo yake ni mjumbe anayeitwa kusaini muhtasari wa kikao ambacho hakukaa. Ukichaguliwa, usisaini usichokisoma. Kama kusoma kunakusumbua, omba usomewe kwa sauti mbele ya wajumbe wote. Hilo si aibu, ni haki yako. Omba kuona vitu vitatu kila robo mwaka: taarifa ya benki ya shule, stakabadhi za manunuzi, na daftari la mahudhurio. La tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloeleza mengi. Katika vijiji vyetu mahudhurio ya wavulana hushuka wakati wa kulima na wanapotumwa machungani, na wasichana hupungua siku za mnada. Kamati inayojua ni siku gani watoto hawaji inaweza kuzungumza na mtemi wa sungusungu, na mwenyekiti wa kitongoji, na wazazi wenyewe, kabla jambo halijafika kwa mtendaji na faini.

Majengo yana njia yake. Wananchi huchangia mawe, mchanga, maji na nguvu, wanainua boma hadi usawa wa renta, kisha halmashauri au Serikali Kuu humalizia kwa kupaua na kupiga sakafu. Fedha nyingine huja kwa miradi ya kitaifa kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari, na hizo huingia kwenye akaunti ya shule, na mafundi hulipwa kutoka hapo chini ya kamati za ujenzi. Bati lililoezuliwa linaanzia kwenye kamati ya shule, linapita serikali ya kijiji, linafika Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, ndipo linapokwenda halmashauri. Ukiruka ngazi utarudishwa chini. Vipimo vya kudai ni hivi: darasa moja kwa watoto 45 katika shule ya msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Hesabu mwenyewe siku ukienda shuleni. Shule nyingi ziko mbali na vipimo hivyo, lakini ombi lenye namba ni gumu kulipuuza kuliko ombi la maneno matupu.

Shule inafanyaje? Soma matokeo hivi

Matokeo yote ya mitihani ya taifa yako wazi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz, na gharama yake ni bando la simu tu. Fungua sehemu ya matokeo, chagua mtihani (PSLE ni wa darasa la saba, SFNA upimaji wa darasa la nne, FTNA wa kidato cha pili, CSEE wa kidato cha nne), chagua mwaka, mkoa wa Mwanza, halmashauri ya Misungwi, kisha jina la shule. Kama simu yako ni ya kitochi, kijana wa duka la stesheneri la karibu atakufungulia, au nenda shuleni uombe nakala.

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Daraja A ni alama 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, D ni 61 hadi 120, na chini ya hapo ni E. Kufaulu ni A, B au C. Kitaifa waliofaulu mwaka 2023 walikuwa asilimia 80.58, na mwaka 2024 asilimia 80.87. Ukisikia shule yenu imefaulisha asilimia 80, basi iko karibu na wastani wa nchi, haijang'ara wala haijaanguka. Tazama zaidi wingi wa C. Mtoto mwenye alama 125 na mwenye 178 wote wameandikiwa C, lakini wa kwanza anakwenda sekondari akiwa na mzigo mzito sana.

Mzigo huo ni mzito zaidi hapa kwetu kwa sababu ya lugha. Watoto wengi huanza shule wakizungumza Kisukuma, wanafundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja. Kwa hiyo angalia alama ya somo la Kiingereza peke yake kwenye matokeo ya shule. Ikiwa wengi wana D na E hapo, tarajia tabu kidato cha pili, hata kama ufaulu wa jumla ulipigiwa vigelegele.

Kidato cha nne kina mtego wake. Kwa mtihani wa mwaka 2024 ilitangazwa kuwa waliofaulu kitaifa walikuwa asilimia 92.37. Ndani ya idadi hiyo wamo wa daraja la nne, ambao kwa kawaida hawachaguliwi kuendelea na kidato cha tano. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa asilimia 42.96. Hivyo mkuu wa shule akisimama kwenye mahafali na kusema shule imefaulisha kwa asilimia 90, mwulize kwa upole daraja la kwanza hadi la tatu ni wangapi.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Binafsi naona walifanya vyema, maana shule yenye bweni, maabara na watoto waliochujwa haiwezi kushindanishwa na shule ya kata ya Ilujamate au Lubili inayopokea kila mtoto. Linganisha shule yenu na yenyewe ya mwaka jana na juzi. Na kuna namba moja ambayo haiko kwenye tovuti: waulize walimu ni watoto wangapi waliandikishwa darasa la kwanza miaka saba iliyopita, na ni wangapi waliokaa kwenye mtihani. Shule iliyoandikisha 140 na kufanyisha mtihani 80, hata wote 80 wakifaulu, ina watoto 60 wa kutolea maelezo. Baadhi wamehamia mjini, baadhi wako machimboni au ziwani.

Usisubiri darasa la saba. Mtoto wa darasa la pili mpe kipande cha gazeti asome, mpe hesabu ya chenji ya dukani. Akishindwa, nenda kwa mwalimu wa darasa wiki hiyo hiyo.

Mwenye mtoto mwenye ulemavu asimfiche ndani. Shule ya Msingi Mitindo, hapa hapa Misungwi, imepokea kwa miaka mingi watoto wasioona na wenye ualbino, wengi wao wakilala shuleni. Anza kwa Afisa Elimu Kata, atakuelekeza kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri ili mtoto apimwe na kupangiwa shule inayomfaa.

Ukikwama

Andika barua. Weka jina lako, kijiji, shule, tarehe, jambo moja tu, na nani uliyekwisha kumwona na alikujibu nini. Toa nakala mbili. Ipeleke masjala ya halmashauri, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hakuna malipo. Ukisikia harufu ya wizi wa fedha za shule, TAKUKURU wana namba ya bure 113. Mtoto anayeteswa au kuozeshwa, piga 116, nayo ni bure. Uandikishaji wa awali, mtoto akitimiza miaka 5, na wa darasa la kwanza, akitimiza miaka 6, hufanyika kuanzia Oktoba, na haulipiwi.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya shule ni haki kusomwa hapo. Safari hii kuna jambo la haraka la kuuliza. Kwa mabadiliko ya mtaala yaliyoanza 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mwaka 2027 watamaliza pamoja wale wa darasa la saba la mwisho na wale wa darasa la sita la kwanza, na wote watataka kidato cha kwanza Januari 2028, katika shule zile zile za kata. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Darasa litakalohitajika Januari 2028 linatakiwa liwe limeandikwa kwenye bajeti itakayoanza Julai 2027, kama si mapema zaidi. Mwulize mtendaji wa kijiji tarehe ya mkutano ujao, uende na swali hilo, na uombe jibu liandikwe kwenye muhtasari.